Tangazo Lililomeza Jina Langu

Mliponiacha wiki jana mliniacha pabaya: ndani ya gari la marehemu mume wangu, flash nimeichomeka kwa mikono miwili, na redio inaniandikia NO FILE mbele ya ukoo mzima.

Kwa anayenikuta leo, habari yangu ni hii. Mimi ni Leila, fundi cherehani wa Gitega, hapa hapa Kigali. Mume wangu Sibomana, dereva wa teksi, alinioa msikitini. Ofisi ya serikali hatukuwahi kufika, kila mwaka tukisema mwaka ujao. Alipokufa, ndugu zake wakasema mimi si mke, ni mgeni aliyekaa muda mrefu, na nyumba niitoke.

Silaha yangu ilikuwa moja tu. Siku aliyokufa alinitumia sauti kwenye WhatsApp, mimi niko dukani nashona. "Mimi Sibomana, akili zangu timamu. Nyumba ya Gitega nimemwachia mke wangu Leila." Kisha akaanza kukohoa. Nilitupa chini nguo ya watu, nikakimbia. Nilimkuta ameshakata roho, mama yake ameketi kitandani amemshika mkono.

Tangu siku ile nimeisikiliza sauti hiyo mpaka naijua kwa moyo, lakini kikohozi kikianza tu, nazima. Siwezi. Nani kati yenu angeweza?

Sasa, mama mkwe wangu, Mukandekezi, masikio yake yalikufa zamani. Simu ukimwekea anatikisa kichwa. Kitu pekee anachokisikia, kwa kauli yake, ni spika za gari la mwanawe, zile kubwa ambazo Sibomana alizifunga kwa mapenzi yake mpaka vioo vinatetemeka. Mama anaweka kiganja mlangoni anasema, "Hapo napata."

Na ndiye aliyetoa sharti mbele ya wazee: "Nikimsikia mwanangu kwa kinywa chake akilitaja jina lako, nachukua mkeka wangu natoka, na Karangwa atatoka nyuma yangu."

Karangwa ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Gari alishalichukua hata kaburi halijakauka. Redio ilipoandika NO FILE, alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Shemeji, hata gari imekataa uongo wako."

Mama mkwe akasema nipewe nafasi moja zaidi, siku ya hitima ya arobaini. "Ya tatu haipo," alisema. Wazee wakamsifu kwa huruma yake. Na mimi nilimsifu, mjinga mimi.

Tuendelee.

Asubuhi yake niliamka na neno moja: Gisimenti. Huko Gisimenti, katikati ya mabaa na wachoma nyama, yupo kijana anaitwa Shami, ambaye madereva wote wa Kigali wanampelekea flash zao awajazie nyimbo. Sibomana alikuwa mteja wake.

Lakini nilikuwa eda. Masheikh mnisamehe. Mjane wa eda hatoki ovyo, najua, nimelelewa. Ila anayefukuzwa nyumbani ataikalia wapi hiyo eda? Nikaona angalau niombe ruhusa kwa mkubwa wa nyumba, kwa adabu.

Mama mkwe alikuwa jikoni ananipikia chai ya tangawizi. Tangu niingie eda, chai yangu ya asubuhi anaipika yeye mwenyewe, hataki mtu amsaidie.

"Mama," nikampigia kelele sikioni, "naomba ruhusa niende Gisimenti!"

"Wapi?"

"Gisimenti! Kwa Shami! Anayejaza nyimbo za magari!"

"Kwa nani?"

"Shami! Aibadilishe sauti ya mwanao, redio iweze kuisoma!"

Mtaa mzima ulisikia. Jirani wa ukuta wa pili alikohoa kwa aibu. Mama mkwe akanitazama kwa yale macho yake ya upole, akanisukumia kikombe.

"Kunywa kwanza. Kisha nenda, mwanangu. Mungu akufungulie."

Nikanywa chai yote, nikaondoka nimebarikiwa.

Duka la Shami ni kichumba chenye kompyuta mbili na spika zinazogombana. Kijana mwenyewe mwembamba, kofia imegeuzwa nyuma. Aliisikiliza shida yangu, akaangalia flash, akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Dada, hii flash iko na sauti. Haiko tupu."

"Mbona redio ilisema hakuna kitu?"

"Sauti za WhatsApp ziko opus. Redio ya gari yenu ni ya zamani, haina Bluetooth, haina nini, iko na tundu tu, na inakula MP3 peke yake. Ukiipa opus inakuwa kipofu. Inasema hakuna, kumbe kiko mbele yake."

Jamani, nililia pale pale. Kumbe sikuwa mwongo. Kumbe mume wangu alikuwa ndani ya gari lake siku ile, anaongea, na redio haimuoni.

"Unaweza kuibadilisha?"

"Dakika sifuri. Lakini foleni unaiona. Acha simu na flash, nitaichukua kwenye simu yenyewe ndiyo safi. Urudi jioni."

Nilikuwa na gauni la harusi la mtu linalongoja zipu, na mwenye gauni alishaanza kunitukana kwenye simu. Nikaiacha. Lakini kwanza nikamshika mkono, kwa sababu wakati wote ule spika zake zilikuwa zikifungua na kufunga kila wimbo kwa sauti ya mwanamume anayepiga kelele kama mnadi wa soko: "Shami Saundi, Gisimenti! Gari bila sisi ni mkokoteni!" Ndilo tangazo lake. Analibandika kwenye kila kitu kinachotoka dukani, hata mahubiri.

"Kaka yangu, hilo tangazo lako usiniwekee. Hii ni sauti ya maiti."

Shami akavua kofia. "Ya marehemu siharibu, dada. Namjua Sibomana. Na mimi pia nina mama."

Jioni nikachukua simu yangu na flash. Alinijaribishia maneno ya mwanzo: "Mimi Sibomana, akili zangu timamu." Nikamwambia inatosha, zima, nisije nikafika kwenye kikohozi mbele ya watu. Nilirudi Gitega natabasamu peke yangu kwenye moto, pikipiki ya abiria, nyuma ya dereva. Wallahi nilifurahi kwa ubaya. Nilikuwa naiona sura ya Karangwa akibeba godoro lake kutoka nyumbani kwangu.

Kesho yake, siku ya hitima, uwanja ulijaa. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa, sahani za pilau zikapita. Kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, alikuja, mzee mmoja mkavu anaitwa Eustache, akaketi kiti cha mbele kuwa shahidi. Karangwa alisogeza gari mpaka mlangoni, akafungua milango yote minne.

"Haya, shemeji. Leo iko na kitu?"

"Leo kipo."

Mama mkwe akaketishwa kiti cha mbele cha gari, mtandio wake wa kijani kichwani. Mtandio ule nilimpindia mimi mwenyewe, upindo wa uzi mweupe kwa sababu wa kijani uliniishia. Akaweka kiganja kwenye spika ya mlango.

Nikachomeka flash.

Redio ikafikiri. Kisha ikaandika namba moja, na sauti ya mume wangu ikatoka.

"Mimi Sibomana, akili zangu timamu."

Wanawake wakapiga yowe. Mzee mmoja akasema, "Innalillahi, ni yeye." Mama mkwe akafumba macho, machozi yakamtoka. Nilimtazama Karangwa. Uso ulikuwa umemshuka. Raha niliyoisikia, Mungu anajua, ndiyo ya mwisho niliyoipata.

"Nyumba ya Gitega nimemwachia..."

"SHAMI SAUNDI, GISIMENTI! GARI BILA SISI NI MKOKOTENI!"

Vioo vyote vinne vikatetemeka.

Kisha ikaingia ngoma. Maana pale kwa Shami flash haitoki na kitu kimoja, hiyo ni aibu ya duka, lazima akupe nyongeza. Alinipa nyongeza ya nyimbo za kuchezea harusini, na zote zikaanza kupiga kwenye hitima ya mume wangu, spika zinaruka, watu wameshika pilau mikononi hawajui waweke wapi. Nilivamia redio, vidole vikakosa kitufe, nikaongeza sauti badala ya kupunguza. Karangwa ndiye aliyechomoa flash.

Mama mkwe akafumbua macho.

"Mwanangu nimemsikia," alisema. "Mkokoteni nimeusikia. Leila sikumsikia."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kikamshika na wa pili. Watu walicheka kwenye hitima, jamani, wanaficha midomo kwa kanga.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Ya asili ninayo kwenye simu! Mzee Eustache, njoo wewe mwenye masikio mazima, usikilize!"

Nikafungua simu. Nikafungua mazungumzo yangu na Sibomana. Zilikuwepo picha, zilikuwepo salamu, ilikuwepo ile ya kuniuliza kama anunue mkaa. Sauti haikuwepo. Nilipandisha juu, nikashusha chini, nikapandisha tena, mpaka mzee Eustache akaniondolea simu mkononi taratibu kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Mama Leila, haya mambo yametengenezwa studio," alisema. "Mimi sitashuhudia kitu cha studio."

"Na studio yenyewe iko wapi?" Karangwa akadakia. "Iko Gisimenti! Mjane wa eda, kaka yangu hajaoza, huyu anaenda kwenye mabaa ya Gisimenti! Mumuulize huyo Shami ni nani wake!"

Nilitaka kumjibu. Sikupata nafasi, kwa sababu kwenye kundi la wanawake alisimama mmoja niliyemchukulia ni mgeni tu wa msiba. Anaitwa Christella, anauza viatu vya mitumba, nilikuwa nikimuona akipanda teksi ya mume wangu kwenda kufuata mzigo.

"Mimi nilikuwa sitaki kusema," alisema, anaangalia chini. "Lakini kwa kuwa jina halikusikika, na niseme. Jina lililokuwa pale ni langu. Sibomana aliniahidi."

"Christella! Mungu anakuona!"

"Basi lete ile yenye jina lako, dada."

Ningeileta kutoka wapi? Mahali pa jina langu palikuwa pamebaki shimo, na kwenye shimo kila mtu anatia anachotaka. Wazee wakanong'onezana. Nikaenda nikapiga magoti kwa mama mkwe, nikamshika miguu.

"Mama, unanijua! Umekula mkononi mwangu! Waambie!"

Akaniwekea mkono kichwani. "Unasema nini, mwanangu? Sikusikii."

Mnajua kilichofuata. Karangwa hakungoja watu watawanyike. Alitoa sanduku langu, akatoa sufuria zangu, kisha akatoka amekumbatia cherehani yangu, ile niliyoletewa na Sibomana siku ya ndoa.

"Hiyo iweke chini polepole, shemeji, nakuomba."

"Polepole?"

Akaiachia juu ya ngazi. Kichwa cha cherehani kikavunjika mahali pa sindano, gurudumu likabiringika mpaka kwenye mtaro. Christella aliliokota akanirudishia mkononi. Hata leo sijui kama alikuwa ananihurumia au ananidhihaki.

Sikulala na hasira, niliamka nayo. Asubuhi, kutoka kwa jirani aliyenihifadhi, nilipita nyumbani kuchukua sanduku. Mama mkwe alikuwa ameliweka kibarazani, na juu yake kikombe cha chai ya tangawizi, moto bado. Nikalia kwa wema ule. Nikasema moyoni, huyu peke yake ndiye mtu katika ukoo huu. Nikainywa nimesimama, mpaka chini, nikaelekea Gisimenti kumuua Shami.

Nilimkuta anafungua duka. Nikamkamata ukosi kabla hajatoa salamu.

"Nilikwambia usiweke tangazo! Nilikwambia ni maiti! Umemla mume wangu, umenila na mimi, na sauti yangu umeifuta kwenye simu!"

"Dada, pole! Dada, niache nipumue!"

"Mashine yako ndiyo iliyoweka, eh? Sema ni mashine!"

"Si mashine!" Akajinasua, akarekebisha kofia. "Tangazo langu linakaa mwanzo na mwisho tu. Katikati siweki mpaka niombwe. Watu huwa wananiomba, kama kwenye wimbo kuna jina la mpenzi wa zamani, nalifunika. Hili niliombwa."

Vyaelea vimeundwa, wazee walisema.

"Uliombwa na Karangwa."

"Karangwa simjui. Si mlimtuma mama yenu?"

"Mama gani?"

"Mama wa marehemu! Ulipoondoka tu siku ile, akashuka kwenye moto hapo nje, helmeti juu ya mtandio. Akasema wewe ndiye umemtuma. Akasema kwenu jina la mjane halitajwi mbele ya wanaume, ni aibu, nilifunike. Nikadhani ni mila, si hata bibi zetu walikuwa hawatamki jina la baba mkwe? Akasema nikate na mwisho, nifute na kwenye simu, eti ukiisikiliza unalia usiku kucha. Nikamuonea huruma."

"Mtandio wa rangi gani?"

"Kijani. Upindo mweupe."

Nikakaa chini. Hakukuwa na kiti, nikakaa sakafuni.

"Shami, yule mama ni kiziwi."

"Kiziwi?" Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. "Dada, alikaa hapo, akavaa hedifoni, akasikiliza yote mpaka mwisho. Halafu akanionyesha kwa kidole hapa na hapa. Mimi nilipoongeza sauti, akaniambia punguza, unaniumiza masikio."

Nje madereva walikuwa wanapiga honi kumuita. Hakutoka.

"Alisikiliza mpaka mwisho," nikasema. "Mwisho kuna nini?"

"Wewe hujui? Si sauti yako?"

"Mimi hukomea kwenye kikohozi."

Shami akakuna shingo. "Aliniambia nifute kila mahali. Kwenye simu nilifuta. Lakini kwenye kompyuta sifuti kitu cha mteja. Watu wanapoteza flash kila siku, kesho wanarudi wananililia." Akatafuta, akabonyeza, ikatokea: faili la opus, lile lile ambalo redio ya gari ilishindwa kuliona. Akanivalisha hedifoni mwenyewe.

"Nyumba ya Gitega nimemwachia mke wangu Leila."

Kikohozi kikaanza. Safari hii sikuzima. Kilinipita kama msumari, kikaisha. Nikasikia kitanda kikilia, shuka zikiburutwa, mtu anasogeza simu karibu na mdomo. Kisha mume wangu akaanza kunong'ona, chini sana, hata Shami aliongeza sauti mpaka mwisho ndipo nikampata.

"Leila, acha kazi, njoo. Usimwambie mama kama nimekutumia hii. Zile dawa za hospitali hanipi, nimezikuta amezifukia kwenye majivu. Kinachoniua ni hii chai yake. Nikikataa kuinywa, ananishika..."

Pale akanyamaza. Na kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ya mwanamke mzee, tamu na ya upole, ikaujibu ule mnong'ono.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Komeo likafunguka, sauti ikaisha.

Nikavua hedifoni. Shami alikuwa ananiuliza kitu, midomo inamcheza, simsikii. Nilikuwa bado naisikia tangawizi kooni, ile ya asubuhi, niliyoinywa mpaka chini.